Usiguse Kabla ya Kumuuliza Mesidi

Zawadi, fundi aliyerithi meza yangu, alinipigia simu wiki ya pili baada ya mimi kustaafu. Sikushangaa. Nilikuwa nimemwachia shada zima la funguo bila kumwambia kwamba mmoja ni wa baiskeli yangu iliyoibwa zamani. Lakini hakuuliza habari ya funguo. Alisema amekuta mstari ndani ya ile faili inayojiendesha kila kompyuta ya chuo inapowashwa, na juu ya mstari huo nimeandika maneno haya: "Sitini. Usiguse kabla ya kumuuliza Mesidi."

"Sasa Mwalimu, huyu Mesidi ni nani? Nimemtafuta kwenye orodha ya wafanyakazi, hayuko. Nikatafuta kwenye orodha ya mitambo, nikidhani labda ni seva."

Nilicheka hadi mke wangu akatoka jikoni kuangalia. Nikamwambia Zawadi nitamwandikia. Nadhani alitegemea mistari miwili. Anisamehe, yeye na wenzake wote waliobaki pale karakana ya kompyuta. Nimestaafu mapema kidogo, kwa kuwa mgongo wangu ulistaafu kabla yangu baada ya miaka mingi ya kutambaa chini ya meza za watu. Asubuhi sasa ni ndefu na hakuna anayeniita.

Nilifika chuoni pale Malindi na shahada ya fizikia kutoka Nairobi na viatu vipya vilivyonibana. Nyumbani Ganda, mamangu alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe Katana amepewa kompyuta zote aziendeshe. Kazi niliyopewa siku ya kwanza ilikuwa kuzibeba. Vioo vya kompyuta za siku hizo vilikuwa na chogo. Kwa mbele ni kioo, kwa nyuma kichwa kirefu kama cha mtoto aliyelazwa upande mmoja, na uzito wake ulikuwa wa mbuzi asiyetaka kwenda anakopelekwa. Nilibeba kumi na nane, orofa mbili, na viatu vile.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Athmani, mtu wa mji wa kale, mwembamba, aliyevaa koti jeupe la kazi kama daktari na kulipiga pasi kila siku.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umesoma nini?"

"Fizikia."

"Vyema. Basi huku nyuma ya kioo usitie mkono. Fizikia yote imo humu, nayo huuma."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Shahada ilinifundisha kwa nini, yeye akanifundisha vipi, na mara nyingi vipi ilitangulia. Somo lake kubwa lilihusu macho. Kioo chenye chogo huchorwa upya mara nyingi kwa sekunde, kuanzia juu hadi chini, kama mtu anayepaka ukuta chokaa inayokauka na kufifia kabla hajamaliza. Kikichorwa mara sitini kwa sekunde, jicho likitazama mbele halioni kasoro, ila mwisho wa siku mtu anaondoka na kichwa kinachogonga. Mzee hakukitazama mbele. Alisimama ubavuni, akaangalia dirisha, na kukichungulia kioo kwa pembe ya jicho. Kwa pembe ya jicho unakiona kinatetemeka. Au alipunga penseli mbele yake: ukiona penseli nyingi zilizosimama mbalimbali, kasi ni ndogo.

"Ipandishe," alikuwa akisema. "Themanini na tano. Mpumzishe mtu macho, Katana. Kompyuta haichoki."

Kwenye Linux, mfumo ulioendesha kompyuta zetu wakati ule, kuipandisha kulikuwa na jasho lake. Ulifungua faili, ukaandika safu ya tarakimu kwa mkono, ukawasha upya huku unaomba. Ukikosea, kioo kilipiga mluzi mwembamba. Mzee aliamini kwamba ukikosea zaidi kitawaka moto. Sikuwahi kuthibitisha, ingawa kuna siku moja nilikaribia.

Mzee Athmani alistaafu, na miaka miwili baadaye tukamzika. Mwaka uliofuata vikaja vioo bapa.

Hapa ndipo kosa langu linapoanzia, kwa hiyo nitaenda polepole.

Kioo bapa si kile cha chogo. Nukta zake zikiwaka hukaa zimewaka mpaka ziambiwe vingine, hazififii katikati. Sitini kwa sekunde zinamtosha kabisa mtu wa ofisini, na vingi vya wakati ule vilitengenezwa vikae hapo hapo. Nilijua hayo yote. Ningeweza kuyaeleza ubaoni kwa michoro. Lakini nilipoketi kuandika ile faili ya kuwashia kompyuta za chuo kizima, mkono ulikataa kuandika sitini. Niliona kana kwamba Mzee amesimama ubavuni mwangu na koti lake, anaangalia dirisha. Vioo vile vilikubali sabini na tano, basi nikaandika sabini na tano. Vichache vilikataa, vikaonyesha kisanduku kinachoelea cha kusema kasi imezidi kiwango. Hivyo nikavirudisha sitini na kuviita vivivu.

Nilijiona mtu mwenye shukrani. Kwa kweli nilikuwa nawavisha watu miwani ya marehemu.

Sasa Mesidi. Alikuwa karani wa masijala, mama wa kutoka Sabaki, mpana wa mabega, mwenye kupiga chapa kwa vidole kumi bila kuangalia. Jina lake la kwenye hati lilikuwa jingine, Zawadi, ndiyo maana hukulipata. Kwetu mama huitwa kwa mtoto wake, 'Me' ndiyo mama, na binti yake alikuwa Sidi. Chuo kizima kilimwita hivyo, wabara kwa wapwani. Maana yake ni kwamba kila aliyemwamkua, kila aliyeomba faili, alimtajia mwanawe.

Na Sidi alikuwa ameondoka. Alisomea upishi hapo hapo chuoni, akakaa bila kazi, kisha siku moja akamwambia mamake kwamba anakwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, na pasipoti anayo tayari. Mesidi alikasirika kwa jinsi anavyokasirika mtu mwenye hofu. Akamwambia, "Ukitoka hapa, usinipigie simu mpaka utakaporudi."

"Nilisema kwa hasira," aliniambia baadaye. "Lakini Sidi ni mtoto mtiifu. Ndiyo shida yake."

Ilikuwa miezi kumi sasa. Salamu zilipitia kwa binamu mara mbili, kisha binamu naye akabadilisha namba. Mesidi hakujua kama mwanawe ni mzima.

Muda mfupi baada ya Sidi kuondoka, Mesidi aliniomba nimhamishie meza dirishani. Alisema anataka hewa. Dirisha lile linatazama lango la chuo, na anayeketi hapo humwona kila anayeingia kabla askari hajamwona. Waya wa kioo haukufika. Nikaunga mbili, na kile kiungo nikakifunga kwa utepe mweusi. Kazi safi, nikajisifu.

Ikapita kama miezi saba, nikaanza kusikia habari za jicho.

"Lanicheza," Mesidi alimwambia Mwanajuma, karani mwenzake. "La kulia. Tangu juzi."

"Kope ya juu au ya chini?" Mwanajuma akauliza, kwani hilo ndilo swali. Ya chini ni kilio.

"Ya juu."

"Basi mgeni huyo! Mesidi, kanunue mchele."

Siku ya kwanza ilikuwa mzaha. Wiki ya tatu haikuwa mzaha tena. Jicho lilianza kila siku saa nne asubuhi na kuendelea hadi jioni, na nyumbani likatulia, jambo ambalo Mwanajuma alilieleza vizuri sana: Sidi anajua mamake mchana yuko kazini, basi atafikia kazini. Mesidi alipaka chumba cha Sidi rangi. Akamnunulia doti ya leso, akaiweka kwenye droo ya meza pale masijala, ikiwa bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani. Lango likilia, vidole kumi vilisimama.

Mimi nilikuwa msomi wao. Nilipita na kikombe changu nikasema, "Mesidi, huo ni uchovu wa msuli tu."

"Wee Fundi," akasema bila kugeuka, "msuli wako umekuletea nani?"

Jumatatu moja printa ya masijala iligoma. Mesidi alikuwa ameitwa kwa msajili, nikaketi kwenye kiti chake kuitengeneza. Kazi ilikuwa ya kungojea: tuma ukurasa, ngoja, soma kosa kwenye kioo, tuma tena. Nilikaa pale saa nzima na nusu. Mara kope yangu ya juu ikaanza kucheza.

Nakiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa: nani anakuja kwangu?

Ndipo nikaona aibu, nikatazama dirisha, nikakichungulia kioo kwa pembe ya jicho kama nilivyofundishwa. Si ule mtetemeko wa chogo. Ulikuwa mwingine, mwembamba: kila herufi ilikuwa na ukungu pembeni unaotikisika, kama lami inavyotikisika kwa mbali jua likiwa kali. Nikafungua dirisha la amri, nikaandika xrandr. Mnaijua. Inaorodhesha kasi zote ambazo kioo kinaziweza. Kasi inayotumika sasa huwekewa nyota, na ile ambayo kioo chenyewe kinaipendelea huwekewa alama ya kujumlisha. Nilisoma hivi:

1280x1024 60.02 + 75.02*

Nyota sabini na tano, kujumlisha sitini. Kwa waya mfupi kioo kile kingevumilia. Kwa nyaya mbili zilizoungwa kwa utepe, nao utepe umekwisha kulegea, kasi yangu ilikuwa inaimwaga picha njiani. Nikaandika amri ya kukirudisha sitini, kioo kikawa cheusi kwa sekunde moja, kikarudi. Herufi zilikuwa zimesimama kimya. Kope yangu nayo, baada ya kitambo, ikatulia.

Nilitengeneza na printa, nikaondoka napiga mluzi. Sikumwambia mtu.

Alhamisi Mesidi alikuja karakana. Hakuwahi kuja, sisi ndio tuliokwenda kwake. Alisimama mlangoni.

"Fundi, ulifanya nini kwenye kioo changu?"

Mimi nami nilidhani nashukuriwa. Nikamvutia kiti, nikachukua chaki. Nikamwelezea nyota na kujumlisha, nikachora nyaya mbili, nikamalizia kwa unyenyekevu mkubwa: "Kosa lilikuwa langu, Mesidi. Lile jicho lako miezi yote hii ni mimi niliyekuwa nalichezesha."

Alikuwa ameshika pindo la leso aliyojitanda kwa mikono miwili, akiikunja na kuikunjua.

"Kwa hivyo ni kioo," akasema.

"Ni kioo."

"Si kitu kingine."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilisimama na chaki yangu na shahada yangu, sina pa kuziweka.

"Jumanne nilidhani amefika," akasema. "Jicho liliponyamaza nilidhani yuko njiani, ameshaingia Malindi. Nimekaa dirishani siku mbili sikula." Kisha akasema, "Nirudishie."

"Mesidi, litakuumiza macho."

"Macho ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi nirudishie kama ilivyokuwa."

Tukaenda masijala. Mwanajuma alituona nyuso zetu, akaacha kuongea na mtu kwenye simu. Nikaandika amri, sabini na tano. Miaka yote hiyo sijawahi kuiharibu kazi iliyotengemaa kwa makusudi, ila siku ile. Kioo kikawa cheusi, kikarudi, na ukungu ukarudi pembeni mwa herufi. Mesidi akaketi. Akakikodolea macho, mikono mapajani. Tulingojea sote watatu. Lango lililia, akaingia mwanafunzi na ndoo.

Baada ya muda mrefu Mesidi akasema, "Linaanza." Halafu akatikisa kichwa. "Hapana. Hata likicheza sasa nitajua ni wewe."

Akanisogezea kibodi.

"Weka sitini," akasema.

Nikaweka. Akaelekeza kidole kwenye orodha. "Na hii nyota, umesema ndipo nilipo?"

"Ndipo kioo kilipo sasa."

"Na hii nyingine ndipo kinapotaka kuwa."

"Ndiyo."

"Na nani anakihamisha?"

"Mtu," nikasema. "Chenyewe hakihami."

Aliitazama ile orodha kidogo. Kisha akainuka, akafungua kabati la wanafunzi waliomaliza, akatoa faili. Nililiona jina. Katika ukurasa wa pili kila mwanafunzi huandika anwani yake ya barua pepe, na Sidi alikuwa ameandika yake kwa mwandiko wa duara kama wa mamake.

"Miezi kumi nimelilinda faili hili," Mesidi akasema. "Nilikuwa nangojea yeye aanze."

Kanuni inasema faili la mwanafunzi lifunguliwe kwa shughuli za chuo tu. Niliwaambia natoka nje kuangalia waya.

Karani anayepiga chapa kwa vidole kumi alitumia saa nzima ya chakula kuandika barua ile. Mara moja tu alitoa kichwa dirishani. "Fundi, neno 'nimekosa' linatosha, ama niweke 'nisamehe'?"

"Weka yote mawili."

"Hayatazidi?"

"Hayazidi."

Siku za kungojea jibu nilishindwa kukaa karakana. Nilizunguka chuo kizima, chumba kwa chumba, nikaketi kwenye kiti cha kila mtu. Nilichungulia kwa pembe ya jicho, kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nikamwuliza mwenye kiti anaonaje. Mwalimu wa ushoni alikuwa na maumivu ya kichwa tangu mwaka uliopita. Mtunza maktaba alikuwa amenunua miwani ambayo hakuihitaji. Hakuna aliyenilalamikia, kwa sababu kila mtu alidhani ni mwili wake. Nikaibadilisha ile faili, nikaweka sitini, na juu yake nikaandika maneno uliyoyakuta, Zawadi.

Najua una vioo vipya vinavyoweza mia na zaidi. Najua pia kwamba Linux mpya haiisikii tena xrandr kama zamani, na kasi siku hizi unaichagua kwenye mipangilio ya kioo. Ipandishe ukitaka. Angalia kwanza kioo chenyewe kinapendelea ipi, kagua waya, usiunge kwa utepe. Lakini kabla ya yote, keti kwenye kile kiti saa nzima, halafu muulize anayekikalia. Huyo ndiye Mesidi.

Siku ya kumi na moja Mwanajuma alinijia mbio, ndara mkononi. Nilifika masijala nikamkuta Mesidi ameketi mbele ya kioo, hagusi kitu, kama mtu aliyebebeshwa bakuli lililojaa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa na habari nayo.

"Nisomee wewe," akaniambia. "Mimi nimesoma, lakini nisomee."

Herufi zilikuwa zimesimama vizuri. Nikasoma.

"Mama, mimi ni mzima. Nilikuwa nangojea unipe ruhusa. Ijumaa nitapiga simu, na mkataba ukiisha narudi nyumbani. Nilijua kuna jambo linakuja, kwa sababu jicho la kulia limenicheza mwezi mzima, kope ya juu."

Mwanajuma alipiga kigelegele kilichomfanya mwanafunzi aliyekuwa dirishani aangushe vyeti vyake. Mesidi alifungua droo, akatoa ile doti ya leso, akajifutia uso nayo, mpya hivyo hivyo. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile nikamwona anataka kucheka.

"Haya, msomi. Na hilo la Sidi je?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limefika hadi kwenye ulimi: nilitaka kuuliza huko aliko anatazama kioo cha namna gani, na kimewekwa kwenye ngapi.

"Hilo, Mesidi," nikasema, "ni mgeni."